Kabla ya Dawa Kali, Apimwe Mzee

Ngombezi, karibu na mji wa Korogwe, ni nchi ya mkonge. Richard Hindorf aliuleta mmea huo mwaka 1893, na reli ya kutoka Tanga ilipofika Korogwe mwaka 1902, mashamba yakaenea bondeni. Manamba, yaani vibarua wa mkataba, walikuja kutoka Kigoma, Songea na hata Burundi. Kazi yao ilihesabiwa kwa kipande, yaani siku 30 za kazi, na mwili wa mtu ukathaminiwa kwa wingi wa mkonge alioweza kukata.

Hospitali nazo zilianza kwa kumpima mtu kwa kazi. Mwaka 1949, nchini Marekani, David Karnofsky na Joseph Burchenal walitoa kipimo cha 0 hadi 100 kwa wagonjwa waliopewa dawa mpya za saratani: je, mgonjwa anaweza kufanya kazi, kujihudumia, au amelala kitandani tu? Kilisaidia sana, lakini kwa wazee kiliacha mengi. Bibi anaweza kuingia kliniki kwa miguu yake, kumbe amekonda, anasahau, na tayari anameza dawa za aina tano.

Ndipo vipimo vya udhaifu wa uzeeni vikatengenezwa. Mwaka 2001, Linda Fried na wenzake walitaja dalili tano: kukonda, kuchoka, mkono kukosa nguvu, mwendo kuwa wa polepole na shughuli kupungua. Mwaka 2021, jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa wagonjwa 718 wa saratani nchini Marekani wenye miaka 70 na zaidi. Pale daktari alipopewa matokeo ya tathmini ya hali ya mzee, madhara makali ya dawa yaliwapata asilimia 51 ya wagonjwa. Pasipo matokeo hayo, asilimia 71. Na wagonjwa hawakufa mapema zaidi.

Tanzania, matibabu ya saratani kwa miaka mingi yalitegemea Ocean Road, Dar es Salaam, iliyokuwa hospitali ya Wajerumani na kupewa hadhi ya taasisi inayojitegemea mwaka 1996. Huko Hai, Kilimanjaro, watafiti wamekwishapima udhaifu wa wazee vijijini.

Mzee wa Ngombezi anastahili kipimo hicho kabla ya safari ya Dar. Hakihitaji mashine ya gharama: mizani, kiti cha kuinukia, saa ya kupimia mwendo, na muuguzi wa Korogwe mwenye nafasi ya kumuuliza anakula nini, anaishi na nani, na homa ikimpanda usiku nani atamfikisha hospitali.