Mtoto wa Kituku hulazwa wapi?

Maibobo, yaani mtoto wa mitaani, akikamatwa katika soko la Kituku mjini Goma kwa kudokoa sambaza, polisi wampeleke wapi? Dola ya Kongo imelijibu swali hilo mara mbili kwa maandishi. Amri ya kikoloni ya tarehe 6 Desemba 1950 ilimwezesha hakimu kumweka mtoto mkosaji katika nyumba ya serikali ya ulinzi na malezi, ile ambayo Wakongo huiita EGEE. Ya Kinshasa iko Mbenseke-Futi. Kisha sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ikaanzisha mahakama za watoto, ikakataza kumtia hatiani kijinai mtoto wa chini ya miaka 14, na ikamruhusu hakimu kumkabidhi mtoto kwa familia au kituo cha binafsi kilichoidhinishwa.

Ruhusa hiyo ya mwisho ndiyo iliyoufaa mji wa Goma.

Kwa maana vitanda vilikuwa vya watu wengine, si vya serikali. Wakimbizi wa Rwanda walipomiminika mwaka 1994, na lava ya volkano ya Nyiragongo ilipofunika katikati ya mji mwaka 2002, watoto waliopotezana na wazazi walipokelewa na mashirika pamoja na Wasalesia wa Don Bosco, Ngangi. Waliotolewa kwenye makundi ya silaha walipitia vituo kama cha shirika la CAJED. Divisheni ya Mambo ya Kijamii ya jimbo ilisimamia. Unga na magodoro vilitegemea sana wafadhili. Mlima ulipolipuka tena tarehe 22 Mei 2021, UNICEF ilihesabu watoto zaidi ya 150 waliotengana na jamaa zao, na vituo viwili vya muda vikaandaliwa. Wengine wamelelewa kwa muda na familia za mjini, na hizo zinamfaa mtoto kuliko bweni lolote.

Lakini mtoto aliyepotea hupata wa kumhurumia upesi. Mwenye kesi hana. Huyo alifungiwa mara nyingi Munzenze, gereza lililojengwa kwa mamia ya watu likajazwa maelfu. Tarehe 27 Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini, wafungwa walilivunja, na moto ukaua wanawake na watoto waliokuwa ndani.

Mahakama za serikali zikasimama. Sheria ya 2009 haijafutwa, na yeyote atakayeutawala mji huu anadaiwa nyumba ya watoto iliyo mbali na ukuta wa gereza, yenye fungu lake katika bajeti badala ya kungoja msaada wa msimu.