Nani Anayeamua Saa ya Kutenda? Historia ya kuainisha stadi za michezo

Aprili 1498, kabla ya mapambazuko, São Rafael, meli ya msafara wa Vasco da Gama, ilipanda fungu mbele ya Mtangata, mji ambao magofu ya msikiti na makaburi yake yapo Tongoni, kusini mwa jiji la Tanga. Maji yalipokupwa ikabaki pakavu, yalipojaa ikaelea. Wenyeji waliifuata kwa vyombo vyao, wakiwa na machungwa. Mabaharia wale walikuwa hodari wa bahari kuu, lakini mafungu ya hapa hawakuyajua.

Kwamba ustadi hutegemea pia mazingira unamotumika ni jambo ambalo sayansi ilikuja kulipa uzito baadaye sana. Mwaka 1957, mwanasaikolojia E. C. Poulton wa Cambridge, aliyechunguza jinsi watu wanavyofuatilia shabaha inayosogea, alizigawa stadi mara mbili: stadi funge, ambazo mazingira yake yametulia, na stadi wazi, ambazo mazingira yake hubadilika na kumlazimu mtendaji kubashiri. Mwaka 1963 Mwingereza Barbara Knapp aliuingiza mgawanyo huo michezoni, akisisitiza kwamba hivyo si vyumba viwili bali ni mstari mmoja, na kila stadi ina mahali pake juu yake.

Wengine waliainisha kwa vigezo tofauti: misuli mikubwa au midogo; tendo la mara moja, la hatua zinazofuatana au lisilo na kikomo dhahiri, kama kuogelea; na iwapo mwendo unaamuliwa na mchezaji mwenyewe au na wengine.

Kigezo hicho cha mwisho kinaonekana wazi katika mbio za Mtanzania Filbert Bayi. Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, New Zealand, aliongoza mita 1500 tangu mwanzo hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3:32.2. Mwendo aliupanga yeye. John Walker, aliyemaliza kwa 3:32.5, alilazimika kumjibu. Mbio ni zile zile, stadi mbili.

Mmarekani Antoinette Gentile aliendeleza wazo la stadi funge na stadi wazi kuanzia 1972. Mwaka 1987 alitoa jedwali la aina 16, lililojengwa juu ya maswali manne: Je, mazingira yanasogea? Yanabadilika kila jaribio? Mwili unahama? Mikono inashughulikia kitu?

Jaribu maswali hayo kwa nahodha wa ngalawa. Bahari inasogea, hakuna wimbi linalojirudia, chombo kinamhamisha, na mkono umeshika usukani. Upepo ukipiga ghafla, demani, yaani kamba ya tanga, hulegezwa papo hapo na mwenzake husogea joshini, upande unakotoka upepo. Hii ni stadi wazi kwa kila kipimo. Penalti uwanjani Mkwakwani ipo karibu na upande wa pili: mpira umetulia, na mpigaji ndiye anayechagua sekunde, ingawa kipa anaweza kumvuruga.

Kwa hiyo uainishaji huu ni kazi ya kila siku ya kocha. Mpiga penalti anahitaji kurudia hatua zile zile mpaka zimkae mwilini. Beki anahitaji washambuliaji wanaobadilisha mbinu, na kijana wa ngalawa anahitaji kusi na kaskazi, maji kujaa na maji kupwa. Tukiwafundisha wote kwa zoezi moja la kupanga mstari na kurudia, tunawanyima nusu ya ustadi wenyewe: kusoma kinachokuja.