Make na Ushahidi wa Saa

Mwaka 1976, katika Maabara ya Bell iliyoko Murray Hill, jimbo la New Jersey, Marekani, Steve Johnson, mtaalamu aliyekwisha kupata sifa kwa programu yake ya Yacc, aliingia kwa mwenzake Stuart Feldman hali amejaa ghadhabu, kwa kuwa asubuhi nzima ilimpotea akitafuta kasoro katika programu ambayo haikuwa tena na kasoro: alikuwa amekwisha kuisahihisha, ila faili lililosahihishwa halikukompailiwa upya, na mashine ikaendelea kuunganisha kipande kile cha zamani. Feldman hakuhitaji maelezo marefu, maana msiba uo huo ulikuwa umemfika yeye mwenyewe jioni iliyotangulia.

Programu za lugha ya C aghalabu huandikwa kwa mafaili mengi, na kila moja hugeuzwa na kompaila kuwa kipande cha lugha ya mashine, kisha vipande huunganishwa; na kwa vile kompyuta za zama zile zilikwenda polepole, hakuna aliyependa kukompaili vyote kwa ajili ya mstari mmoja, basi kila mtu akategemea kumbukumbu yake. Feldman aliiondoa amana hiyo kichwani mwa mtu akaikabidhi mashine. Mwisho wa juma mmoja aliiandika programu iitwayo Make, na uliofuata akaiandika upya. Mwenye kazi hueleza, katika faili liitwalo Makefile, kitu gani hutokana na vitu gani na kwa amri ipi. Make hutazama wakati kila faili lilipobadilishwa mara ya mwisho, na ikiwa chanzo ni kipya kuliko zao lake, huamuru zao litengenezwe tena.

Uamuzi huo wa kuitegemea saa ndio nguvu ya Make, na kwa rai yangu ndimo zilimotoka nyingi katika ila zake, kwani saa haijui yaliyomo ndani ya faili. Mtu akilirudisha faili la zamani kutoka akibani pamoja na tarehe yake ya kale, Make hulipita kana kwamba hapana lililotokea. Naye alihifadhiye faili bila kubadili hata herufi hungojeshwa kazi isiyo na faida. Mafaili yalipohamia katika kompyuta nyingine mtandaoni, saa mbili zisizokubaliana zilitosha kuiharibu hukumu, hata GNU Make, toleo jingine la Make, ikafunzwa kutoa onyo inapokuta faili lenye tarehe ya wakati usiofika bado. Lakini la hatari zaidi ni lile faili la matangazo linalosomwa na mafaili mengine mengi: lisipotajwa katika Makefile, hubadilika lenyewe na wategemezi wake wakabaki kama walivyokuwa, kisha programu ikavunjika mahali ambapo hapana aliyepagusa. Kompaila zilikuja kufunzwa kuitoa zenyewe orodha ya mafaili ya matangazo yanayosomwa na kila chanzo, na hiyo ilikuwa rehema kubwa kwa mafundi.

Mwaka 1998 mtaalamu wa programu, Peter Miller, alibainisha dhara nyingine, ya kuigawa kazi kubwa katika Makefile nyingi zinazoitana, hata pasiwe na hata moja iujuayo utegemezi wote. Baadaye ikaja SCons, zana nyingine ya kazi ile ile, ambayo badala ya kuhukumu kwa tarehe hupima yaliyomo ndani ya faili. Hata hivyo kiini cha Linux hujengwa kwa Make hadi leo, isipokuwa kando ya kila kipande huwekwa faili dogo lililofichwa lenye amri iliyokitengeneza, ili amri ikibadilika, kipande nacho kikompailiwe upya ijapokuwa chanzo chake hakikuguswa.