Kitasa na Kufuli: Ufunguo wa Nyumba katika Vitabu vya Fiqhi na katika Historia



Wanafunzi wengi wanaosoma Minhaj at-Talibin ya Imamu Nawawi (Allah amrehemu) hupita haraka pale mwandishi anapotaja vitu vinavyoingia katika mauzo ya nyumba bila ya kutajwa. Wanakumbuka kwamba ardhi na jengo huingia, na kwamba ndoo na kitanda haviingii. Lakini mwishoni mwa orodha hiyo kuna jambo dogo ambalo sisi tunaliona kuwa na faida kubwa: ufunguo wa kifungio kilichothibitishwa mlangoni nao huingia katika mauzo, kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Sharti ni kule kuthibitishwa. Neno moja hilo limebeba habari ya seremala, ya mhunzi na ya kadhi kwa pamoja, na katika makala haya tunakusudia kulifungua.

Kwanza tutofautishe vitu viwili. Waarabu wana ghalaq, yaani kifungio kilicho sehemu ya mlango, na wana qufl, ambacho ni kile kinachoning'inizwa na kuondolewa. Kiswahili nacho kimeyatenga haya bila ya taabu. Kufuli, neno lililotokana na hilo hilo qufl, twalitundika kwenye pete au mnyororo. Kitasa kinakaa mlangoni na hakiondoki mpaka fundi aje na bisibisi. Katika Qur'ani Tukufu yote mawili yamegusiwa: katika Surat Yusuf, aya ya 23, mke wa mheshimiwa alifunga milango, na kitendo kilichotumika ni cha mzizi wa ghalaq, katika Surat Muhammad, aya ya 24, zimetajwa nyoyo zenye kufuli zake, nalo ni wingi wa qufl.

Imamu Nawawi alizaliwa Nawa, kusini mwa Dameski, mwaka 631 Hijria (1233), akamaliza kuandika Minhaj mwaka 669 Hijria, akafariki mwaka 676 (1277). Vifungio vya milango katika nchi za Kiarabu za zama hizo na za kabla yake vilikuwa kwa kawaida vya mti. Kwa kuwa umbo lake ndilo asili ya vitasa vingi tunavyotumia leo, tulieleze vizuri.

Kipande kikubwa cha mti hupigiliwa misumari nyuma ya mlango. Ndani yake hupita komeo, naye huingia katika tundu la ukuta au la kizingiti. Juu ya komeo kuna vijiti vidogo vilivyo huru. Komeo linaposukumwa mpaka mwisho, vijiti hivyo huanguka kwa uzito wake wenyewe katika matundu yaliyotobolewa kwenye komeo, basi halirudi tena. Ufunguo wake ni ubao wenye meno yaliyosimama, unaofanana na mswaki. Mtu huuingiza chini ya vijiti, akauinua, meno yakavisukuma vijiti juu mpaka komeo likawa huru, kisha akalivuta. Hakuna springi wala chuma. Siri yake yote ni idadi ya meno na mahali yalipopangwa. Kifungio cha namna hii kilijulikana Misri tangu zama za kale, na Waarabu wa Misri hukiita dhabba.

Udhaifu wake ni mmoja: ni kikubwa. Kinakaa juu ya mgongo wa mlango kama mzigo, na ufunguo wake huenda ukawa mrefu kama dhiraa.

Wala tusidhani kwamba Waislamu wa zama hizo walitosheka na mti peke yake. Mwaka 602 Hijria (1206), katika mji wa Amid ambao leo ni Diyarbakir, fundi mkuu Ismail al-Jazari alimaliza kitabu chake cha vyombo vya kihandisi alichowaandikia wafalme wa ukoo wa Artuq. Humo ameeleza kufuli la sanduku linalofunguliwa kwa herufi bila ya ufunguo, na pia kifungio cha mlango chenye makomeo manne yanayoendeshwa kwa ufunguo mmoja. Hata kabla ya kitabu hicho, mwaka 597 Hijria, fundi wa astrolabu aitwaye Muhammad bin Hamid al-Isfahani alitengeneza sanduku lenye kifungio cha herufi cha visahani vinne, nalo limehifadhiwa hadi leo katika jumba la makumbusho la David mjini Copenhagen. Sanduku lisilo na ufunguo! Laiti tungelipata fatwa ya zama hizo juu ya mtu aliyeuza sanduku akakataa kumtajia mnunuzi herufi zake.

Turudi kwa mafakihi. Kwa nini ufunguo uingie katika mauzo ya nyumba, ilhali ni kitu cha kuhamishika, kinachotiwa mfukoni kama kisu? Kauli ya pili katika madhehebu ya Shafi ilisema hauingii, kwa hoja hiyo hiyo. Lakini kauli iliyo sahihi zaidi imeutazama ufunguo kwa kazi yake, na Imamu Nawawi ameuweka pamoja na jiwe la juu la kusagia nafaka. Jiwe la chini limejengewa nyumbani, basi linaingia. La juu linanyanyuka, lakini halina manufaa bila ya la chini wala la chini bila ya hilo, basi linalifuata. Ufunguo nao humfuata mwenzake aliyethibiti mlangoni. Wachambuzi wa Minhaj, kama Ibn Hajar al-Haytami (aliyefariki mwaka 974 Hijria) na Khatib ash-Shirbini (aliyefariki mwaka 977), wakabainisha upande wa pili: kufuli la kutundika haliingii katika mauzo, wala ufunguo wake.

Wanazuoni wa Kihanafi walikuwa wamekwisha kulisema jambo hili kabla ya Nawawi. Burhanuddin al-Marghinani, aliyefariki mwaka 593 Hijria (1197), anaeleza katika al-Hidaya kwamba aliyeuza nyumba, funguo za vifungio vyake zimeingia, kwa sababu vifungio vimeunganishwa na nyumba ili vibakie, na ufunguo ni kama sehemu ya kifungio. Dola ya Uthmaniya ilipoandika sheria zake za Majalla kati ya mwaka 1869 na 1876, hukumu hii ilitiwa katika kifungu cha 232, ambapo makufuli yaliyopigiliwa misumari yametajwa kuwa miongoni mwa vinavyofuata nyumba. Msomaji atatambua kwamba Majalla imetumia neno qufl kwa kitu kilichopigiliwa. Basi jina si hoja. Hoja ni msumari.

Na hapa ndipo umbo la kifungio linapoamua haki za watu. Katika mlango wa kukodisha, Imamu Nawawi amesema ni wajibu kwa mwenye nyumba kumkabidhi mpangaji ufunguo. Wachambuzi wakaongeza kwamba ufunguo huo ni amana mkononi mwa mpangaji. Ukipotea bila ya uzembe wake, halipi kitu, na mwenye nyumba ndiye anayepaswa kuleta mwingine. Akikataa, mpangaji ana hiari ya kuvunja mkataba. Ukipotea kwa uzembe, mpangaji atalipa thamani yake. Ama ufunguo wa kufuli la kutundika, mwenye nyumba halazimiki kuutoa, kwani kufuli halikuwamo katika mkataba tangu mwanzo.

Hebu tuiangalie hukumu hiyo katika pwani yetu, ambako Minhaj imesomeshwa kizazi baada ya kizazi, na ambako mahakama za wakati wa Waingereza ziliitegemea kupitia tafsiri ya Howard iliyochapwa London mwaka 1914, nayo ilitolewa katika tafsiri ya Kifaransa, si katika Kiarabu chenyewe. Milango ya kuchonga ya Unguja na Lamu ina mbao mbili zinazokutana katikati. Kwa ndani hufungwa kwa komeo. Kwa nje mara nyingi hufungwa kwa mnyororo na pete, kisha kufuli. Mnyororo na pete vimepigiliwa, basi ni vya nyumba. Kufuli si la nyumba. Kwa hiyo aliyenunua nyumba ya namna hiyo, akamkuta muuzaji amechukua kufuli lake na kuacha mnyororo unaning'inia, hana la kudai.

Huko Ulaya kazi ilikuwa kukipunguza kifungio. Badala ya kukipigilia juu ya mlango, mafundi walichimba tundu katika unene wa ubao, upande wa ukingoni, wakakizamisha kisanduku cha chuma humo, kikabaki kuonekana bamba jembamba tu na ulimi unaotokeza kuingia kwenye fremu. Hiki ndicho kitasa cha kuzamisha. Mwizi hawezi kukibandua kwa mtaimbo kama kile cha juu. Lakini tundu hula mti, na kila kisanduku kinapokuwa kikubwa, mlango hudhoofika mahali pale pale panapohitaji nguvu. Kwa hiyo kitasa kizuri cha aina hii ni kile kidogo na chepesi cha umbo: ulimi mmoja wa mshazari wenye springi, unaorudi kwa mkono wa kitasa, komeo moja la mraba linaloendeshwa na ufunguo, na kati yake bamba za kuzuia. Seremala wetu anayechimba tundu kubwa kwa patasi ili fundi wa kitasa asisumbuke, amemharibia mwenye nyumba.

Hizo bamba za kuzuia zina habari yake. Mwaka 1778 Mwingereza Robert Barron aliweka bamba mbili ambazo ufunguo ni lazima uziinue kwa kipimo: zikipungua hazifungui, zikizidi hazifungui. Mwaka 1784 akaja Joseph Bramah, na mwaka 1818 Jeremiah Chubb, ambaye kitasa chake kilimjulisha mwenyewe kwamba kimechezewa. Waingereza wakajivuna navyo mpaka mwaka 1851, alipofika London Mmarekani Alfred Hobbs, akakifungua cha Chubb kwa dakika chache, na cha Bramah kwa zaidi ya saa 50 za kazi. Kisha Linus Yale mdogo, kwa hataza zake za mwaka 1861 na 1865, akarudi kwenye vijiti vya Misri, vile vile vinavyoanguka katika matundu. Alivifanya vya chuma, akavisukuma kwa springi badala ya uzito, akavitia ndani ya silinda ndogo. Ufunguo uliokuwa dhiraa ukawa wa kidole.

Tunataja silinda kwa sababu imeleta swali ambalo wachambuzi wa Minhaj hawakuulizwa. Kitasa cha siku hizi kina sehemu mbili. Kisanduku kimezamishwa mlangoni, na hakuna anayetia shaka kwamba kimethibiti. Silinda lakini imeshikwa na skurubu moja, ikifunguliwa inatoka kwa dakika moja, na mwenye duka huiuza peke yake. Je, ni kitasa au ni kufuli?

Jambo hili si la kujifurahisha. Wapo wanaouza nyumba, wakatoa silinda zao usiku wa kuamkia makabidhiano, wakasema ni za kuhamishika. Mnunuzi anapokea nyumba yenye vitasa vinavyotazama kama macho yaliyong'olewa. Na wapo wenye nyumba wanaombadilishia mpangaji silinda akiwa kazini, vitu vyake vikiwa ndani, kwa kodi ya mwezi mmoja.

Tunavyoona sisi, silinda ni jiwe la juu la kusagia. Inanyanyuka, ndiyo, lakini kisanduku hakifungi bila ya hiyo, nayo haina kazi bila ya kisanduku. Kwa kipimo cha Nawawi inafuata kilichothibiti, na ufunguo unaifuata. Muuzaji aliyeitoa amepunguza alichokiuza. Ama mpangaji aliyenunua silinda yake kwa fedha yake ili alale kwa amani, hiyo ni mali yake na ataondoka nayo, maadamu ameirudisha ya mwenye nyumba mahali pake. Na mwenye nyumba anayebadilisha silinda katikati ya muda ni kama aliyezuia ufunguo: manufaa aliyoyauza ameyashika mkononi, na kwa kanuni ya wachambuzi kodi ya muda huo haimstahikii. Deni la nyuma lina njia zake kwa kadhi. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.

Limebaki la wizi, nalo tutalitaja kwa ufupi kwa kuwa wengi hulitia chumvi. Mafakihi wameshurutisha kwamba mali iwe imeibwa kutoka mahali pa hifadhi, hirz, na kipimo cha hifadhi ni ada ya watu. Nyumba tupu iliyo katikati ya makazi, katika Minhaj, ni hifadhi kwa masharti matatu: iwe mchana, pawe na amani, na mlango uwe umefungwa. Likikosekana moja, si hifadhi. Usiku, nyumba isiyo na mtu, kitasa hata kiwe cha namna gani hakitoshi. Na wachambuzi wamemtaja mtu aliyefunga mlango wake vizuri kisha akauweka ufunguo katika ufa ulio jirani: huyo ni kama aliyeuacha wazi, kwani ameipoteza mali yake mwenyewe. Chini ya chungu cha maua, juu ya fremu na ndani ya kiatu kilichoachwa barazani ni nyufa za aina hiyo hiyo.