Mahindi ya Mbwa

Kwetu, karibu na Karatina, gunia la mahindi likifunguliwa hugawanywa mafungu matatu. Cucu hutandaza gunia tupu juani, akamwaga mahindi, akakaa chini na kuinyoosha miguu, kisha akaanza kuchagua. Fungu la kwanza ni letu: punje nyeupe, nzima, nzito mkononi. La pili ni la kuku: zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu. La tatu ni zile zilizobadilika rangi, za kijani kibichi au kijivu, zenye vumbi la ukungu, nyingine nyepesi hivi kwamba ukizipuliza zinaruka. Tangu nikiwa mtoto nimelisikia likiitwa mahindi ya mbwa.

Mimi ndiye niliyekuwa mwenye fungu la tatu. Nilirudi nyumbani mwaka wa 2019 baada ya kuacha chuo, karo ilipokataa kabisa kupatikana, na nikajitwika kila kazi ambayo haikunilazimu kuongea na watu. Kupeleka mahindi kwenye kisiagi ilikuwa mojawapo. Ya mbwa yalisagwa mwisho, ili unga wake usichanganyike na wa watu. Sikuwahi kujiuliza mteja wa kwanza wa kesho yake alipata nini kilichobaki ndani ya mashine.

Mbwa mwenyewe aliitwa Bosco. Alikuwa wa kahawia, sikio moja limesimama, jingine limelala. Kila jioni nilimsongea ugali wake kwenye sufuria nyeusi, nikaumwagia mchuzi ukiwepo. Mwezi wa Aprili 2021 alianza kukataa chakula. Ananusa, ananiangalia, anaenda kulala chini ya mti wa parachichi. Nikasema huyu ameanza madaha. Nikachemsha omena, nikachanganya supu yake na ule ugali, na kwa sababu ya harufu ya samaki, akala. Hilo ndilo jambo ninalolikumbuka kuliko yote: alikuwa amekataa, mimi nikambembeleza.

Siku chache baadaye alitapika, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, na nilipomfunua mdomo ufizi ulikuwa wa manjano. Macho pia. Daktari wa mifugo alikuja kwa pikipiki. Alimgusa tumbo, akasema ini limeharibika, kisha akauliza, "Huyu anakulanga nini?" Nikamletea mkebe wa unga. Akaomba kuona mahindi yenyewe. Nikamletea. Aliyaangalia kwenye kiganja, akayarudisha polepole, akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Na nyinyi, mnakula ya gunia gani?"

Gunia lilikuwa moja.

Bosco alikufa usiku wa pili. Baada ya kumzika nilianza kusoma, kwa sababu kusoma ndicho kitu pekee nilichotoka nacho chuoni. Nilitaka kujua kama ni mimi niliyemuua. Nilichokuta ni historia ndefu, na ndani yake mbwa wanatokea tena na tena, karibu kila mara wakiwa wametangulia.

Sumu yenyewe inaitwa aflatoksini. Watanzania wana neno zuri zaidi, sumukuvu. Hutengenezwa na kuvu anayeota kwenye mahindi, karanga na nafaka nyingine zikikaa na unyevu na joto. Jina lilipatikana baada ya mwaka wa 1960, wakati bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza. Wachunguzi walifuata chakula chao hadi kwenye mashudu ya karanga kutoka Brazil, na humo wakamkuta kuvu aitwaye Aspergillus flavus. Mwaka huo huo wa 1960, hapa Kenya, vifaranga vya bata 16,000 vilikufa kwenye shamba la mlowezi huko Bonde la Ufa kwa sababu hiyo hiyo.

Lakini mbwa walikuwa wameshakufa kabla ya hapo. Miaka ya 1950 mwanzoni, katika majimbo ya kusini ya Marekani, mbwa walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa ini ambao madaktari hawakuweza kuupa jina, ila walijua unatokana na chakula chao. Baada ya kisa cha bata mzinga ndipo ilipoeleweka kwamba ilikuwa sumu hii hii. Mwaka wa 1974, magharibi mwa India, ugonjwa wa ini ulizuka katika vijiji vya watu wanaokula mahindi. Watu 106 walikufa, na mbwa wa nyumba zile zile, waliokula mahindi yale yale, walikufa pia.

Halafu zamu yetu. Mwaka wa 1977 mbwa na kuku wengi walikufa Nairobi, Mombasa na Eldoret kwa chakula cha mahindi yaliyohifadhiwa vibaya. Mwaka wa 1981, Machakos, watu 20 walilazwa hospitalini kwa ugonjwa wa ini, 12 wakafa. Mahindi yao yalikuwa na sumukuvu. Mwaka wa 2004 ikawa balaa: watu 317 waliugua na 125 wakafa, wengi wao Makueni na Kitui, na wengine hadi Thika, ambako ukipanda matatu ya Karatina unapita. Familia nyingi zilikuwa zimevuna mapema, mahindi bado mabichi, zikayaweka ndani ya nyumba kwa kuogopa wezi. Mwaka wa 2010 serikali ilitangaza kwamba magunia yapatayo milioni 2.3 ya Mashariki na Pwani hayafai kuliwa.

Na Machi 2021, mwezi mmoja kabla ya Bosco kuanza kukataa ugali, Kenya ilikuwa imezuia mahindi ya Uganda na Tanzania mpakani kwa ajili ya sumukuvu. Niliisoma habari ile kwenye simu nikiwa nimekaa hatua kumi kutoka kwa ghala letu. Niliiona kama ugomvi wa biashara.

Kuna jambo ambalo daktari alinieleza nami nikalithibitisha baadaye. Sumukuvu haikai sawasawa ndani ya gunia. Punje chache mbovu zinaweza kubeba sehemu kubwa ya sumu yote. Kwa hiyo mtu anayechagua kwa mkono, kama cucu, anapunguza kweli sumu kwenye fungu zuri, japo haimalizi. Lakini ile aliyoiondoa haipotei. Inakusanyika kwenye fungu baya. Mikono ya cucu huenda ilitukinga sisi, na kwa kazi hiyo hiyo ikamtengea Bosco sumu iliyokolea. Mimi nikaisaga. Na kuisonga ugali hakukusaidia, maana moto wa jikoni hauiui sumu hii.

Nilitaka kumwambia cucu basi, fungu la tatu litupwe. Nilidhani ni jambo la dakika mbili.

"Chakula hakitupwi," alisema.

Ili kumwelewa ilinibidi nirudi nyuma tena, kwenye historia yetu na mahindi. Babu zetu wa mlimani hawakuwa watu wa ugali. Walikuwa na mtama, wimbi, njahi, viazi vikuu, ndizi. Mahindi meupe yalishika nguvu enzi za ukoloni, pamoja na mashamba ya walowezi na mgao wa chakula cha wafanyakazi, ile posho ya unga. Ndiyo sababu hadi leo, kwa watu wengi wa hapa, kusaga mahindi ni kusaga posho. Tulivyobadilika sisi, mbwa wetu naye akabadilika. Zamani alikula makombo ya chakula cha aina nyingi, na mfupa kukiwa na kichinjo. Tulipokuwa watu wa mahindi akawa mbwa wa mahindi, tena ya chini kabisa.

Cucu alizaliwa kabla ya Hali ya Hatari. Kuanzia mwaka wa 1954 serikali ya kikoloni iliwahamisha zaidi ya watu milioni moja wa Kikuyu, Embu na Meru hadi kwenye vijiji zaidi ya 800, ili kuwakata Mau Mau na chakula. Walitoka kwenda shambani kwa saa walizopangiwa tu, na mazao mengine yaliozea huko huko. Cucu alikuwa msichana mdogo. Anakumbuka mama yake akikwangua ukungu kwenye mahindi kwa kisu kabla ya kuyachemsha. Halafu ikaja njaa ya 1984, na mahindi ya manjano kutoka Marekani. Watu walinong'ona kwamba huko kwao ni chakula cha wanyama. "Tulikula," aliniambia. "Tulikula na tukashukuru. Sasa wewe unaniambia nitupe?"

Sikuwa na jibu. Nilianza kuona kwamba jina "mahindi ya mbwa" halikuwa la mbwa hasa. Ni jina la mtu aliyewahi kulala njaa na hawezi kutupa punje. Mbwa alikuwa njia ya kutotupa, na maadamu ameila, chakula hakijapotea. Hata yule mwenye nyumba ya ghorofa pale Nyeri mjini ana namna yake ya kufanya hivyo. Mfuko wa unga wa mbwa unauzwa bei ya chini na haulizi ulitokana na nini. Wala chakula cha paketi kutoka ng'ambo si kinga kwa kuwa tu kina picha ya mbwa mwenye afya. Mwishoni mwa 2005, na tena mwishoni mwa 2020, mbwa zaidi ya 100 kila mara walikufa Marekani kwa chakula cha dukani kilichokuwa na sumukuvu.

Kitu kilichombadilisha cucu hakikuwa mbwa, lazima niseme ukweli. Ni ng'ombe. Nilimweleza kwamba ng'ombe akila mahindi yenye sumukuvu, sehemu ya sumu hutoka kwenye maziwa. Alinyamaza. Maziwa ya ng'ombe wetu hunywewa na watoto wa dada yangu. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Kisha akauliza, "Kwa hivyo ya mbwa inarudi?"

Nikasema ndiyo, cucu, inarudi.

Sasa tunafanya hivi. Mahindi hukaushwa kwenye turubai, si juu ya udongo. Kabla ya kuyaweka tunayapima kwa chupa: chupa ya kioo iliyokauka, konzi ya mahindi, chumvi kavu kidogo, unatikisa na kuacha kama robo saa. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado yana maji, yarudi juani. Kipimo cha wataalamu ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Yaliyokauka tunayafunga kwenye magunia yasiyopitisha hewa, juu ya mbao.

Na tuna mbwa mwingine, jike mweusi ambaye watoto wamemwita Posho. Anakula unga tunaokula sisi, na si unga peke yake, maana mbwa hajengi mwili kwa ugali mtupu. Anapata omena, yai mara moja moja, matumbo na mapafu kutoka buchani yaliyochemshwa yakaiva, kwa sababu ya minyoo, bila vitunguu. Kitunguu huharibu damu ya mbwa. Sikujua, na Bosco alikula mchuzi wangu wa vitunguu miaka miwili. Anapata viazi vitamu na malenge. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapati, huvunjika kama vijiti vikali. Tena kwa sisi wa huku mlimani kuna la ziada: makadamia. Mti huo umejaa kuanzia Murang'a hadi Meru, na njugu zake zinamfanya mbwa alegee miguu ya nyuma na kutetemeka. Zinazoanguka tunaziokota mapema. Mbegu ya parachichi nayo humkwama tumboni.

Si chakula cha gharama. Ukiondoa omena na matumbo, karibu vyote vinatoka shambani. Swali ninalouliza siku hizi kabla ya kumpa kitu ni lile la daktari, nimeligeuza kidogo: hiki ningekila? Kama ningekikataa kwa sababu hakina ladha, huenda kikamfaa. Kama ningekikataa kwa sababu kimeoza, basi nayeye hapewi.

Kama nilimuua Bosco? Nilishika mwiko, hilo sikatai. Nimeacha kuuliza zaidi ya hapo.

Msimu uliopita mvua ilinyesha wakati wa kuvuna, na gunia moja lilitoa debe zima la punje mbovu. Cucu alilitazama muda mrefu. "Yote?" aliuliza. Nikasema yote. Nilienda kuchukua jembe, lakini nilipogeuka alikuwa ameshalishika yeye. Shimo liko mbali na banda la kuku, hatua chache kutoka alipolala Bosco. Alimwaga, akafukia, akakanyaga udongo kwa mguu mmoja kisha mwingine. Halafu akaenda bombani kunawa mikono, akarudi kwenye gunia lake, akaendelea kuchagua. Mafungu ni mawili sasa.