Makaroni ya Saa Moja na Nusu: Kicheko Katika Vitabu vya Zamani vya Mapishi na Ufumaji

Mwaka 1861 Mwingereza Isabella Beeton aliwaelekeza wasomaji wake wachemshe makaroni kwa muda wa saa moja na nusu, na hata zaidi kidogo. Karoti kubwa nazo zilitakiwa kukaa motoni kwa takriban saa mbili. Msomaji wa leo, ambaye tambi zake huiva kabla hajamaliza kukatakata kitunguu, hana budi kucheka. Mimi nilicheka kwa sauti mahali ambapo kelele haziruhusiwi.

Kitabu chenyewe, Book of Household Management, kina kurasa zaidi ya 1,100, na vituko vyake havikomei kwenye makaroni. Kuhusu nyanya, mwandishi anaonya kwamba mmea wote unanuka vibaya, na kwamba maji yake yakipata moto hutoa mvuke wa kumtia mtu kizunguzungu na kutapika. Baada ya onyo hilo anaendelea, bila wasiwasi wowote, kueleza namna ya kupika sosi ya nyanya. Katika sura ya vyakula vya wagonjwa kuna sandwichi ya ajabu: kipande cha mkate uliochomwa ukapoa, kikawekwa katikati ya vipande viwili vya mkate vilivyopakwa siagi, kikanyunyiziwa chumvi na pilipili manga. Yaani mkate unaliwa kwa mkate! Mwaka 2011 Royal Society of Chemistry ya Uingereza iliifufua sandwichi hiyo na kuitangaza kuwa chakula cha mchana cha bei nafuu kuliko vyote nchini humo, kwa pensi 7.5 tu.

Vichekesho vya namna hii havina mtani. Aliyeandika hakukusudia utani hata chembe, alikuwa akifundisha. Swali la mwanafunzi wa historia basi ni hili: kicheko kimetoka wapi? Kwa maoni yangu kimetoka katika jiko ambalo halipo tena. Mpishi wa Beeton alipikia jiko la makaa ya mawe lisilo na kipimajoto. Isitoshe, Waingereza wengi wa wakati ule waliamini kwamba mboga isiyochemshwa sana huvuruga tumbo, na mji wao mkuu ulikuwa umepigwa na kipindupindu mara kadhaa katika miaka ya karibuni. Ukiyarudisha hayo yote ndani ya jikoni, karoti ya saa mbili inaanza kuonekana kama tahadhari. Hata sandwichi ya mkate kwa mkate ina mantiki yake kwa mtu ambaye tumbo lake halipokei kitu kingine.

Kuna jambo la pili, ambalo nadhani hatulitilii maanani. Beeton tunamcheka kwa sababu aliandika saa. Kila pishi katika kitabu chake linataja viungo, muda, gharama, idadi ya walaji na majira ya kufaa. Waandishi wengi waliomtangulia hawakujisumbua hivyo. Kipimo cha chumvi cha bibi yangu ni kiganja, na kipimo chake cha muda ni "mpaka yanukie". Miaka 150 ijayo hakuna atakayeweza kumkosoa.

Halafu umri wake. Watu wengi humfikiria Bi. Beeton kama mama wa makamo, mnene, mwenye funguo kiunoni. Kumbe alianza kuandika katika gazeti la mumewe, Samuel, akiwa na miaka 21, na kitabu kilipotoka alikuwa na miaka 25. Mtu wa rika langu, basi. Sehemu kubwa ya mapishi aliyanakili kwa wengine, hasa kwa Eliza Acton, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1845, na hakuwataja. Hilo siwezi kulitetea; sisi tukifanya hivyo katika kazi zetu za darasani tunapata sifuri. Lakini pishi mojawapo analolidai waziwazi kuwa lake ni supu ya maskini. Majira ya baridi ya mwaka 1858 alipika kila wiki galoni 8 au 9, karibu lita 40, akazigawa kwa familia kama kumi na mbili za kijiji cha jirani. Ukurasa huo hauchekeshi, wala sijauona ukinukuliwa na wanaochekeshwa na makaroni yake. Mwaka 1865, siku chache baada ya kujifungua mtoto wa nne, alikufa kwa homa ya uzazi. Alikuwa na miaka 28. Wachapishaji waliendelea kutoa matoleo mapya kwa jina lake, na wasomaji wengi hawakujua kwamba mwenyewe alikuwa amekwisha kuzikwa.

Karatasi za maelekezo ya kufuma sweta huchekesha kwa njia nyingine: picha. Nyingi zilitolewa na makampuni ya kusokota sufu ili kuuza nyuzi zao, na wanaume waliopigwa picha humo huangalia mbali, kiko mkononi, kana kwamba kuna meli inayowadai. Roger Moore, aliyekuja kuwa James Bond, alijipatia riziki kwa kazi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1950. Katika miaka ya 1930 yalikuwapo hata maelekezo ya kufuma vazi la kuogelea la sufu. Sufu hunywa maji, ikawa nzito, ikalegea. Aliyeingia baharini kwa heshima alitoka ameshika nguo yake kwa mikono miwili.

Sweta zinazochekwa zaidi ni zile za mistari mingi ya rangi zisizopatana. Hapa tarehe inasaidia. Tarehe 1 Juni 1941 Uingereza ilianza kugawa nguo kwa kuponi kwa sababu ya vita, na uzi wa kufumia ukaingia katika mgao huo. Wanawake walifumua sweta kuukuu, wakaufua uzi, wakaunyoosha, wakafuma upya. Mabaki ya sweta ya baba yakawa mkono wa kushoto wa sweta ya mtoto. Maelekezo ya miaka ile yalipendekeza mistari kwa kuwa nyumbani hapakuwa na uzi wa rangi moja wa kutosha kufika mabegani.