Bafu ya Watu wa Insha

Hesabu maandishi ya mwalimu wa Kenya kwa wiki moja tu. Kuna azimio la kazi, andalio la somo, rekodi ya kazi, rejista ya asubuhi, orodha ya alama, ripoti ya mwalimu wa zamu. Kalamu hailali. Lakini ukizikusanya karatasi hizo zote, hutapata hata sentensi moja iliyosemwa na mwanafunzi. Mada: ngeli ya KI-VI. Maoni: somo lilifaulu. Basi. Mimi nafundisha Kiswahili shule ya kutwa upande wa Nyamira, na nadhani nimeandika "somo lilifaulu" mara nyingi kuliko jina langu mwenyewe.

Tabia hii ya kumwandikia mkubwa haikuanza jana. Waingereza walifungua kituo chao Kisii mwaka wa 1907. Wakatoliki wakafika Nyabururu 1911, Waadventista wakapanda Nyanchwa 1912, na madarasa yakaja nao. Ulisoma ili umudu katekisimu au Biblia. Ukiandika vizuri, ulielekea ukarani. Septemba 1914 Wajerumani wakavuka mpaka, wakapigana na Waingereza pale pale Kisii. Katika vurugu hiyo wenyeji waliingia mjini na kwenye misheni zote mbili, wakabeba walichoweza. Serikali iliporudi ikawatoza ng'ombe. Habari hizi tunazo kwa sababu maofisa na wamisionari waliandika kwa wakubwa wao. Mtoto aliyekuwa akikariri a-e-i-o-u Nyabururu wiki ile, pengine akatoka mbio na kibao chake kichwani, hana nafasi kwenye ripoti za aina hiyo. Mwalimu wake pia hana.

Kwa Ekegusii mwalimu anaitwa omworokia, yaani mwenye kuonyesha. Ni jina zuri sana kwa mtu ambaye makaratasi yake hayaonyeshi kitu!

Waliokuja kuonyesha walikuwa wageni. Katikati ya miaka ya 1950, Robert LeVine na Barbara LeVine walikaa Gusii katika jamii waliyoiita Nyansongo. Walikuwa sehemu ya utafiti mkubwa wa Wamarekani uliolinganisha malezi katika jamii sita: yetu, na nyingine za Mexico, India, Ufilipino, Okinawa na New England. Kitabu chao kuhusu Nyansongo kilitoka 1966. Ukikisoma leo kama Mgusii, kuna kurasa zitakazokuudhi. Mimi naona tumechorwa kama watu wa kuogopana na kushikana uchawi kuanzia asubuhi hadi jioni, kana kwamba hakuna aliyewahi kucheka huku.

Lakini kuna kitu katika utafiti ule ambacho sijaacha kukiwaza. Watoto walitazamwa kwa dakika tano tano. Mtazamaji aliandika: mtoto amefanya nini, amemwambia nani, na yule aliyeambiwa amejibu nini. Hakuna maoni ya "somo lilifaulu" hapo. Kwa hiyo wachungaji wadogo wa ng'ombe na yule omoreri, msichana anayebeba mtoto wa mamake mgongoni, wamebaki kwenye maandishi, wakigombana na kutumana. Na miaka hiyo hiyo, hapo hapo milimani, palikuwa na walimu waliokaa na watoto kama hao kutwa nzima, kalamu mkononi, wakijaza rejista.

Sisemi walimu wa huku hawakuthaminiwa. Mwaka wa 1965 Baraza la Kaunti la Gusii lilitoa ekari 61 ili kijengwe chuo cha kufunza walimu wa msingi. Katika nchi ambayo ndugu hupelekana kortini kwa ajili ya mistari miwili ya migomba, ekari 61 si mchezo. Chuo hicho kikawa cha diploma 1983, kikapita mikononi mwa Egerton, na tangu 2013 ndicho Chuo Kikuu cha Kisii. Lakini aliyefunzwa ualimu popote Kenya anajua unachopimwa ukiwa kwenye mazoezi: andalio lako limekaaje, hatua zimepangwaje, ubao umegawanywaje.

Kisha mwanafunzi naye akaingizwa kwenye mtindo huo huo. 8-4-4 ilipoanza 1985, Kiswahili kikawa cha lazima kwenye mtihani, na insha ikawa mali. Kwenye KCSE karatasi ya kwanza ina maswali manne, la kwanza ni la lazima, halafu unachagua moja, kila moja alama 20. Wewe uliyepitia hapo unakumbuka tulichofanya. Tulikariri. Jogoo la kwanza likawika, tukaraukia, tukajitoma hamamuni, tukakoga, tukastaftahi kwa mahamri, wote, nchi nzima, hata sisi ambao asubuhi hiyo tuliosha uso kwa karai nyuma ya nyumba na kwenda kuchuma majani chai kwanza.

Nataka watu waone hapo hasara ilipo. Insha zangu za Kidato cha Pili zinafanana kama matofali. Lakini mwambie mwanafunzi huyo huyo aliyechelewa aandike maelezo ya kujitetea kwa mwalimu wa zamu, uone Kiswahili kinavyoamka! Mizani ya kituo cha chai ilikwama. Mama alienda kliniki, mtoto akaachwa naye. Kiatu kimoja kilikuwa bado hakijakauka, "na kuvaa kimoja ni kujichekesha, mwalimu." Frank McCourt, aliyefundisha New York miaka mingi kabla ya kuwa mwandishi maarufu, aliligundua jambo hili kwenye barua za udhuru ambazo wanafunzi wake walizighushi kwa majina ya wazazi, akazifanya somo la uandishi. Mimi bado sijathubutu kufika hapo. Naibu wa mwalimu mkuu hatanielewa.

Nilichofanya ni kuiba mbinu ya Nyansongo. Daftari la kurasa 48, dakika tano baada ya kipindi cha mwisho, kabla sijatoka darasani. Nikienda nalo nyumbani nimekwisha: kuna ng'ombe wa kukamuliwa, kuna rundo la kusahihisha. Naandika kilichosemwa na aliyekisema. Sijisifu, silaumu mtu. Siku ambayo sikusikia kitu naandika walichobeba mikononi. Mwezi wa kwanza mistari ilikuwa miwili mitatu, tena mikavu. Sasa sikio limezoea, nasikia mambo hata nikiwa nimeelekea ubaoni.

Ninaharakisha kidogo. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023, na kundi la mwisho la 8-4-4 linatarajiwa kukaa KCSE 2027. Wakiondoka hao, kwenye faili zitabaki alama za wastani.

Hii ni ya Jumanne moja, muhula wa pili:

Mvulana wa dirishani: "Mwalimu, hamamu hasa ni nini?"
Jirani yake, kabla sijafungua mdomo: "Ni bafu ya watu wa insha."
Wamecheka. Nimecheka. Msichana wa mbele amefuta mstari kwenye insha yake, ameandika "karai", ameniangalia. Saa tisa mvua imeanza, mabati yamepiga kelele, hatukusikilizana tena.